Toazi Nililolizika

Mwaka 2017, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha Tunduma mwezi wa Novemba, nilichimba shimo nyuma ya nyumba yangu nikazika toazi. Nilifanya kazi hiyo usiku, watoto wakiwa wamelala. Asubuhi mke wangu aliponiuliza ni kitu gani kilichofukiwa karibu na mgomba, nilimjibu kuwa ni takataka. Sikuwa nimeiba, wala toazi si maiti. Lakini mtu anayesema uongo juu ya shimo alilolichimba mwenyewe, hana budi siku moja akae chini ajiulize alikuwa anatafuta nini humo.

Kwa msomaji asiyepiga ngoma, toazi ni lile sahani la madini linaloning'inia juu ya ngoma za kisasa. Msomaji wa Biblia atalikumbuka neno hilo kutoka Zaburi ya 150. Katika seti ya kawaida kuna matoazi mawili yanayotazamana, ambayo mpigaji huyafungua na kuyafunga kwa mguu. Kuna moja la kupigwa pale wimbo unapopanda. Na kuna lile kubwa kuliko yote, ambalo mkono huligusagusa tangu mwanzo hadi mwisho ili kuushika mwendo. Hilo kubwa ndilo roho ya seti. Likiwa na sauti nzuri, hata mwimbaji asiye hodari husikika vizuri.

Matoazi hutengenezwa kwa shaba, lakini shaba haiko peke yake. Yale yenye sifa kubwa huwa na sehemu 80 za shaba na sehemu 20 za bati, mchanganyiko ambao ukoo wa Zildjian, Waarmenia wa Istanbul, umeufuata tangu mwaka 1623. Madini hayo ni magumu na huvunjika upesi yakiwa ya baridi, kwa hiyo hufinyangwa kwa moto, kisha hupondwa kwa nyundo. Yale ya bei nafuu huwa ni shaba na zinki, hukatwa kutoka katika bamba kama mfuniko wa sufuria, na mashine huyagandamiza mara moja yakawa na umbo.

Jambo la shaba kwetu Tunduma lina kejeli yake. Kazi yangu ya kila siku ni makaratasi ya forodha. Mchana kutwa naona malori yakitoka upande wa Nakonde yamebeba mabamba ya shaba ya Zambia na ya Kongo, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Shaba inapita mlangoni petu kwa tani na tani, nasi tukitaka sahani moja tu la kanisani, tunalifuata Kariakoo, zaidi ya kilomita 900, likiwa limeshavuka bahari mara mbili.

Aliyenifundisha ngoma alikuwa mzee mmoja wa Kinyamwanga. Wanyamwanga wana ndugu pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo kwake yeye kwenda Zambia hakukuwa safari ya ugenini. Alifika Kitwe akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960, akafanya kazi gereji mchana na kupiga ngoma usiku katika bendi za mahotelini. Vijana wa magitaa makali, kina WITCH na wenzao, walipoanza kuvuma nchini humo katika miaka ya 1970, yeye alikuwa ameshaanza kuitwa mpigaji wa zamani. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa kwa nchi zetu mbili mwaka 1976, na miaka michache baadaye alipanda treni akarudi nyumbani. Katika gunia la mahindi alikuwa na nguo, jiko la mafuta ya taa, na toazi moja kubwa.

Toazi hilo nalijua kama ninavyoujua uso wa mama yangu. Lilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Chapa ya kiwanda ilikuwa imefutika. Ukingoni lilikuwa na ufa mfupi, na mwisho wa ufa huo palikuwa na tundu dogo la mviringo, ambalo kwa miaka mingi nilidhani ni pambo. Sauti yake haikuwa ya kupiga kelele. Kijiti kilipoligusa, ulisikia kwanza neno la mti, kisha ukafuata mvumo wa chini, kama nyuki ndani ya mzinga. Ibada ilipokuwa imetulia, mvumo ule uliwafunika waimbaji kama shuka.

Mwaka 2016 mikono ya Mzee ilianza kutetemeka, akaacha kupiga. Toazi lilikuwa mali yake, akalichukua nyumbani. Mwaka huohuo ndipo mkoa wetu wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, na kila mahali palikuwa na hamu ya vitu vipya: ofisi mpya, mihuri mipya, mabango mapya. Kina mama wa kanisa letu nao wakasema ngoma zetu zisibaki kilema. Waliuza maandazi, wakauza mahindi mabichi, wakachanga shilingi 260,000. Toazi jipya lilipofika kwa basi, limefungwa katika boksi, liling'aa hata mtu aliweza kunyolea ndevu mbele yake.

Jumapili ya kwanza nililipiga kwa furaha zote. Kanisa letu wakati huo lilikuwa na paa la bati lisilo na dari, na kuta za saruji tupu. Sauti ilipanda ikagonga bati, ikarudi ikagonga ukuta, ikatuangukia vichwani. Watoto walishtuka. Bibi wawili waliokaa mbele walivuta ncha za kanga wakaziba masikio. Baada ya ibada mama mweka hazina, ambaye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya mchango, alinijia akasema kwa upole:

"Mwanangu, hilo toazi mbona linatugombeza?"

Neno hilo liliniuma kuliko tusi. Nikaanza kufikiri, na nilifikiri hivi: toazi la Mzee ni la kahawia na lina sauti tamu, toazi letu linang'aa na lina sauti kali, basi utamu uko katika ukahawia. Kijana mmoja dereva wa lori, ambaye naye hupiga ngoma, akanithibitishia kwamba wapigaji wa ng'ambo huzika matoazi yao ardhini ili yazeeke upesi. Hilo ni kweli. Wapigaji wa jazi wa Marekani wa miaka ya 1950 na 1960 walipenda sana matoazi yaliyotoka Istanbul, yenye sauti nzito na ya joto. Waliozaliwa baadaye walizisikia sahani zao za santuri wakaitamani sauti ile. Wasio na toazi la miaka 40 wakajaribu kulitengeneza kwa wiki sita, wengine kwa siki, wengine kwa chumvi, wengine kwa udongo wa bustani. Siku hizi hata viwanda huuza matoazi yasiyong'arishwa, meusimeusi tangu dukani.

Kwanza nilipaka siki na chumvi nikaacha usiku kucha. Asubuhi toazi lilikuwa vilevile, linanicheka. Baadaye ndipo nilipogundua kuwa limepakwa vanishi nyembamba isiyoonekana, ili lisichafuke likiwa dukani. Nikapata kwa fundi wa magari dawa ya kuyeyushia rangi, nikaifuta vanishi yote. Kisha nikachimba shimo. Nikaona udongo peke yake utachelewa, hivyo nikaomba kwa jirani debe moja la samadi mbichi kutoka zizini. Nikatandika samadi, nikalaza toazi, nikanyunyiza siki na chumvi, nikatandika samadi tena, nikafukia. Mvua ikafanya yaliyobaki.

Krismasi ikafika tukaimba bila toazi kubwa. Mchungaji aliponiuliza, nikasema liko kwa fundi. Mama mweka hazina aliponiuliza, nikamwambia hivyohivyo. Alinitazama kidogo, akaitikia, "Haya, baba," akaenda zake. Januari hakuniuliza tena. Nilifurahi kwamba amesahau.

Nililifukua mwezi wa Februari. Lilikuwa na mabaka ya kijani na ya kahawia, limekwaruzika kama ngozi ya kenge. Nililiosha, nikalining'iniza, nikaligusa kwa kijiti. Ama kweli, ukali ulikuwa umepungua. Leo najua sababu: gamba la kutu na uchafu ulioingia katika vile vifereji vyembamba huzima sehemu ya zile sauti za juu kabisa. Lakini siku ile sikutafuta sababu. Nilijiona nimeishinda miaka.

Pasaka ya mwaka 2018 iliangukia tarehe 1 Aprili. Kanisa lilijaa hadi nje. Katika wimbo wa pili, waimbaji walipopanda, nami nikapanda nao, nikasikia toazi likitoa sauti ya kigae. Niliendelea kulipiga kwa aibu, na kila pigo likawa baya kuliko lililotangulia. Nilipoinama kutazama, niliona ufa umetoka ukingoni ukaingia ndani urefu wa shubiri moja. Wahenga walisema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Yangu ilipasuka hata kabla ya kuvuma.

Jioni ile nilikwenda kwa Mzee. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwekea toazi magotini. Hakuuliza neno. Alipitisha kidole juu ya ufa, akalinusa.

"Ulilizika?"

"Ndiyo, Mzee."

"Katika nini?"

"Katika samadi."

Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Samadi ni ya mahindi, mwanangu."

Miaka iliyofuata nilijifunza kwamba alichokinusa Mzee kina historia yake. Zamani, jeshi la Waingereza nchini India lilikuwa likihifadhi risasi katika mazizi ya farasi wakati wa mvua za masika. Mvua zilipokwisha, maganda mengi ya risasi hizo yalikutwa yamepasuka yenyewe. Maganda hayo yalikuwa ya shaba na zinki, na mwaka 1921 wataalamu wa Uingereza walieleza sababu yake: mkojo wa wanyama hutoa hewa ya amonia, na amonia ikikutana na shaba ya zinki iliyogandamizwa na mashine, ikiwa bado imebeba mkazo ndani yake, huupenya mkazo huo na kufungua ufa. Toazi letu lilikuwa shaba na zinki, limegandamizwa na mashine, nami nililitandikia kitanda cha amonia kwa miezi mitatu. Mkono wangu mzito ulimalizia tu.

Siku ile, hata hivyo, Mzee alinifundisha jambo kubwa kuliko la amonia. Alimwagiza mjukuu wake alete lile toazi lake la kahawia, pamoja na ndimu na chumvi kidogo. Nikadhani anataka kunionyesha namna ya kuzeesha. Badala yake alikata ndimu, akachovya chumvini, akaanza kusugua toazi lake mwenyewe. Nilitaka kumshika mkono. Pakatokea doa linalong'aa, kubwa kama kiganja, la rangi ya dhahabu. Alilifuta kwa kitambaa, akanipa kijiti.

"Piga hapa palipo peupe."

Nikapiga. Nyuki walikuwa walewale.

"Nililinunua Ndola," akasema. "Walikuwa nayo manane dukani. Nilikaa nayo tangu asubuhi mpaka mwenye duka akachukia. Yote yalikuwa yanang'aa, na hili lilikuwa na sauti hiihii. Ndiyo maana nilitoa mshahara wa miezi mitatu. Hii rangi imekuja baadaye, ni jasho na moshi wa sigara za watu."

Nilimwuliza kama miaka haikuongeza kitu. Alifikiri, akasema imeongeza kidogo. Lilipokuwa jipya lilikuwa na ncha, na ncha hiyo imelala. Kisha akasema, "Lakini kilichozeeka zaidi ni huu," akanyoosha mkono wake unaotetemeka.

Akaniambia nilipige toazi langu lenye ufa kama ninavyolipiga kanisani. Nikalipiga. Akatikisa kichwa, akasema napiga kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Akalegeza nati niliyokuwa nimeikaza mpaka mwisho, toazi likabaki linayumba kwa uhuru. Akachukua kijiti kwa vidole vitatu, akakiacha kianguke kwa uzito wake upande wa pili wa ufa, na kabla hakijatulia akawa amekiondoa. Sauti iliyotoka haikuwa ya nyuki, maana shaba na zinki haiwezi kuwa shaba na bati hata ukiizika miaka mia. Lakini haikuwa ya kugombeza. Toazi lilelile lililopasuka, mkononi mwa mzee ambaye hawezi tena kushika kikombe bila kumwaga chai, lilisema kwa adabu.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi. Fundi alitaka kuuchomea ufa. Mzee alikataa, akasema moto utaua madini yote yaliyo jirani. Aliagiza litobolewe tundu dogo kwa drili mahali ufa unapoishia, kisha ukingo wa tundu ulainishwe kwa tupa. Ndipo nilipoelewa lile tundu nililodhani ni pambo. Ufa huendelea kwa sababu nguvu zote za pigo hukusanyika katika ncha yake. Ukiipa ncha hiyo duara, nguvu hutawanyika, na ufa husimama. Wake ulikuwa umesimama tangu Kitwe.

Lilibaki jambo gumu kuliko yote. Jumatano iliyofuata nilikwenda katika kikao cha kina mama nikiwa na toazi mkononi, nikaeleza kila kitu: siki, shimo, samadi, na uongo wa fundi. Nilipomaliza palikuwa kimya. Mama mweka hazina alishusha pumzi ndefu.

"Baba," akasema, "sisi tulijua umeliuza."

Hapo ndipo nilipoona nilichokizika hasa. Tangu Krismasi kina mama wale walikuwa wakiniamkia, wakinipa nafasi ya mbele, wakinisikiliza nikipiga ngoma za sifa, huku wakijua moyoni kuwa maandazi yao nimeyala. Hawakusema kwa mtu kwa sababu walinionea haya. "Kupasuka si kitu," akaendelea. "Vyungu vyetu hupasuka kila siku. Lakini lile la kuuza lilitunyima usingizi." Nililipa shilingi 260,000 kidogo kidogo kwa miezi mitano, na ilikuwa pesa halali kuliko zote nilizowahi kutoa.

Toazi lenye ufa lingali linatumika. Tumeweka dari, tumetundika mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma, na mimi nimejifunza kupiga kwa vijiti vyepesi vya mti na kuacha nati ilegee. Bibi waliobaki hawazibi masikio. Mageni wakisikia, wengine husema toazi letu lina sauti nzuri ya kizamani, kumbe kilichobadilika ni chumba na mkono.

Mzee alifariki mwaka 2021. Toazi lake hakuniachia mimi. Alimwachia mama mweka hazina, naye hulitunza kabatini kwake, limefungwa katika kanga. Kila Jumapili asubuhi naenda kuliomba, na kila Jumapili jioni nalirudisha. Mwanzoni niliona ni adhabu. Sasa naona ni utaratibu mzuri.

Juzi nilikuwa nikilifuta jasho kwa kitambaa kikavu, nikakumbuka doa la ndimu. Nililigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha nikalitafuta. Nilijua upande lilipokuwa, nilijua na ukubwa wake. Sikulipata. Limerudi kuwa la kahawia kama sehemu nyingine zote, na hakuna aliyelizika.